Wazee wenye beji nyeusi: wanaishije hapa, na wanaweza kukusaidia kwa lipi?

Ukikaa Kampala, Nairobi au Lubumbashi, na mara nyingine hata ndani ya makazi ya wakimbizi, huenda umewahi kuwaona: mume na mke wenye mvi, mara nyingi Wamarekani, mume amevaa shati jeupe na tai, mke sketi inayopita magoti, na kila mmoja ana beji nyeusi kifuani. Beji hiyo ina jina lake la ukoo na jina la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanalijua kama kanisa la Wamormoni. Wakishapita, maswali hubaki nyuma yao. Je, ni wafanyakazi wa UNHCR? Wanatafuta watu wa kupeleka Marekani? Wana pesa? Na kwa nini watu wa umri huo waache wajukuu wao waje kuhangaika na foleni ya magari Kampala?

Tunajibu maswali hayo hapa kwa sababu kutojua kunawagharimu watu. Wapo wanaosubiri kutoka kwa wazee hawa kitu ambacho hawana uwezo wa kukitoa, na matapeli wanajua hivyo.

Ni nani hasa?

Makao makuu ya kanisa hili yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah, Marekani. Wamishonari wake wengi ni vijana: wavulana hutumikia miezi 24, wasichana miezi 18. Hao ndio wale unaowaona wakitembea wawili wawili na kubisha hodi kwenye nyumba za watu. Wastaafu ni kundi jingine. Wameshamaliza kazi zao, hawana tena watoto wadogo wa kulea nyumbani, na afya yao bado inawaruhusu kusafiri. Hujitolea kwa muda wa kati ya miezi 6 na 23. Kabla ya hapo walikuwa walimu, wauguzi, wakulima, wahasibu, mafundi. Si wote wazungu. Wapo pia wastaafu wa Kiafrika wanaotumikia kwa utaratibu huo huo.

Hawalipwi mshahara. Nauli, chakula, kodi ya nyumba na bima ya afya vinatoka mfukoni mwao, yaani kwenye pensheni na akiba. Mwaka 2011 kanisa liliona gharama za nyumba zinawazuia wengi kujitokeza, likaweka kikomo cha dola 1,400 kwa mwezi kwa kile ambacho wanandoa watalipa wenyewe kwa ajili ya nyumba. Kwa mkimbizi anayepokea posho ya chakula iliyokatwa, dola 1,400 ni fedha nyingi mno, na hatutaki kujifanya kwamba sivyo. Lakini ndilo jibu la swali la kwanza: wazee hawa si waajiriwa wa shirika, na gari wanaloendesha kwa kawaida si lao.

Kuja kwao Afrika hakukuanza jana. Kanisa hilo lilipoanza kazi Nigeria na Ghana mnamo Novemba 1978, halikutuma vijana. Lilituma jozi mbili za wazee: Rendell Mabey na mkewe Rachel, na Edwin Cannon na mkewe Janath. Kongo ikiwa bado inaitwa Zaire, wamishonari wa kwanza waliofika Kinshasa mwaka 1986 walikuwa tena mume na mke, Bay na Jean Hutchings.

Siku yao inakwendaje?

Inategemea wamepangiwa kazi gani. Wengi hawahubiri nyumba kwa nyumba kama vijana. Wako wanaofanya kazi katika ofisi ya misheni, na siku yao ni ya karatasi: vibali vya kuishi nchini, mikataba ya nyumba za vijana, magodoro, chujio za maji, gari la kupeleka gereji. Kijana mmoja akishikwa na malaria, mara nyingi wao ndio wanaokaa naye kliniki na kuzungumza na mama yake kwa simu.

Wengine wamepangiwa misaada ya kibinadamu. Hawa ndio unaoweza kuwakuta kwenye makazi. Huamka mapema, husali na kusoma maandiko pamoja, kisha huanza na barua pepe na simu, umeme ukiwepo. Siku ya safari ni ndefu. Kutoka Kampala hadi Nakivale ni safari ya saa nyingi, na huwezi kufika tu na kuanza kazi. Mgeni anayetaka kuingia kwenye makazi kwa shughuli kama hiyo anapaswa kupata idhini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM, na kujulikana na kamanda wa makazi. Kwa hiyo ukiona wazee wamesimama nusu siku mlangoni mwa ofisi, wanasubiri kama wewe unavyosubiri.

Wakifika shuleni au kwenye kituo cha afya, huuliza maswali mengi yanayowachosha wenyeji. Kisima kitakuwa cha nani? Nani atanunua kipuri pampu ikiharibika? Kamati ina wanawake wangapi? Funguo zinakaa wapi? Baadhi ya watu huona ni dharau, kana kwamba wanadhaniwa kuwa wezi. Sisi tunaona ni maswali ya haki. Kila mkaaji wa makazi anaweza kukuonyesha pampu iliyokufa miezi michache baada ya sherehe ya uzinduzi, kwa kukosa kifaa kimoja tu.

Jioni wanarudi kuandika ripoti. Baadaye ndipo wanapoongea na nyumbani. Saa moja jioni ya Kampala ni saa tatu au saa nne asubuhi kule Utah, kutegemea majira, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuwaona wajukuu kwenye simu. Jumapili wako kanisani kwa ibada na darasa, jumla saa mbili. Jumatatu ni kawaida ya familia za kanisa hilo kukaa pamoja jioni, na wazee wengi huwaalika vijana wamishonari waje kula.

Lugha huwashinda wengi. Kijana anayetumwa mahali penye lugha ngeni hufundishwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka, lakini mzee hupata mafunzo ya takriban wiki moja, na hayo si ya lugha. Atakusalimia “Jambo”, halafu ataishia hapo. Anayeendesha gari ana mtihani mwingine: Uganda, Kenya na Tanzania watu hupita kushoto, akivuka kwenda Kongo, Rwanda au Burundi anapita kulia, kama kwao.

Je, wanaweza kunipa pesa?

Hapana, na si kwa sababu hawana huruma. Misaada ya kanisa hili kwa jamii hupitia miradi: maji safi, viti vya magurudumu, mafunzo ya wakunga ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, huduma ya macho, chanjo. Wazee hukusanya habari na kuandika pendekezo. Uamuzi haufanyiki ndani ya gari lao. Tangu 2020 kanisa lina ofisi ya kanda ya Afrika ya Kati jijini Nairobi, inayosimamia Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo miongoni mwa nchi nyingine, na fedha hupita kwa mashirika washirika au wauzaji wa vifaa badala ya kuwekwa mkononi mwa mtu mmoja mmoja. Mzee akikuambia “nitaandika ombi,” maana yake ni hiyo tu. Usikope kwa kutegemea neno hilo.

Kama una mgonjwa mwenye ulemavu na unasikia kwamba viti vya magurudumu vitaletwa, mpeleke aonwe na wahudumu wa afya au shirika linalohusika kwenye makazi mapema, kwa sababu kiti lazima kipimwe kwa mwili wa mtu. Kiti kisichomfaa kinaweza kumletea vidonda. Huhitaji kuwa muumini wa kanisa lao, wala Mkristo. Waumini wa kanisa lenyewe wakiwa na shida ya chakula au kodi, hawaendi kwa wazee wa kigeni. Wanakwenda kwa askofu au rais wa tawi lao, ambaye kwa kawaida ni mwenyeji au mkimbizi mwenzao, naye hutumia sadaka ya mfungo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliulizi na ambalo lingewafaa: masomo. Baadhi ya wastaafu hawa wamepangiwa programu ya elimu iitwayo BYU-Pathway, inayofundisha kwa intaneti. Mtu asiye muumini anaruhusiwa kujiandikisha, na ada hupunguzwa kwa nchi zenye kipato kidogo. Fahamu kabla ya kuanza kwamba masomo mengi yako kwa Kiingereza, kwamba masomo ya dini ni sehemu ya programu, na kwamba mwanafunzi anakubali kufuata kanuni zao za mwenendo. Fahamu pia kwamba data ya intaneti utaigharimia wewe.

Je, wanaweza kunipeleka Marekani?

Hapana. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu.

Kuhamishiwa nchi ya tatu hakupitii kanisa lolote. UNHCR hupendekeza kesi, nchi inayopokea huamua, na duniani kote wanaopata nafasi hiyo kila mwaka ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Kwa upande wao, wamishonari wa kanisa hili wanakatazwa na kanuni za kanisa lenyewe kumdhamini mtu ahamie nje.

Kuchanganyikiwa kumetokana na jambo la kweli. Mnamo Januari 2023 Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Welcome Corps, ambao uliruhusu kikundi cha watu watano au zaidi wanaoishi Marekani kumdhamini mkimbizi. Tangu hapo ilikuwa rahisi kufikiri kwamba kila mzee wa Kimarekani ni sahihi moja kati ya tano. Mpango huo haupo tena: Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na baadaye Welcome Corps nayo ikafungwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anawafahamu wale wazee, kwamba kuna orodha, kwamba shilingi laki mbili zitaweka jina lako juu, huyo ni tapeli. Akivaa beji ni tapeli mwenye beji. Kubatizwa hakuongezi chochote kwenye faili lako, na mmishonari wa kweli hatozi hela kwa ubatizo, maombi wala barua. Uganda unaweza kuripoti bure kwa simu 0800 323 232, au mezani kwa shirika la ulinzi, au kwa mwenyekiti wako wa RWC. Kama uliyemlipa ni jirani au ndugu, ripoti hata hivyo; wengi hunyamaza kwa aibu, naye anahamia zone nyingine kuendelea.

Wakija nyumbani kwako

Utawapikia chai, nao watakataa. Usione wamekudharau. Dini yao inakataza chai ya majani, kahawa, pombe na tumbaku. Maji ya chupa, maziwa, uji au soda watakunywa, na mchaichai au tangawizi isiyotiwa majani ya chai pia. Jumapili ya kwanza ya mwezi wengi wao hufunga, kwa hiyo huenda wasile kabisa.

Majina yao huchekesha kidogo. Katika kanisa hilo kijana wa miaka 19 huitwa “Mzee” kama cheo, na bibi wa miaka 70 huitwa “Dada”. Kwetu kumwita bibi wa watu Dada ni kazi ngumu. Ukimwita Mama, atafurahi.

Wakitoa simu kupiga picha, una haki ya kukataa, na huhitaji kueleza sababu. Kama ulikimbia watu wanaokutafuta, kataa kabisa, na waambie na watoto wako wasipigwe. Picha ya kupelekea wajukuu inaweza kufika mbali kuliko mpigaji alivyokusudia.

Wakiondoka

Siku yao ya kuondoka inajulikana tangu walipofika. Huenda jozi nyingine ikaja, huenda isije, na jozi mpya haitakuwa na kumbukumbu ya mazungumzo mliyoyafanya chini ya mwembe. Kamati ya maji, ya shule au ya kituo cha afya isingoje wiki ya mwisho. Ombeni nakala ya makubaliano ya mradi ikiwa bado mapema, pamoja na jina la shirika mshirika lililopokea fedha na jina la ofisi itakayojibu barua baada yao. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kwa katibu, na ya tatu kwa mtu asiye kwenye uongozi.

Wengine huendelea kuwapigia simu watu waliowazoea kwa miaka. Wengine husalimia mara moja au mbili, kisha ugonjwa wa uzee na mambo ya nyumbani huwameza. Wakati wa utumishi wenyewe, wanaruhusiwa kurudi kwao siku chache tu kwa jambo zito la familia kama msiba, kwa nauli yao wenyewe, na si wote wanaoweza kumudu. Ukisikia Mama amefiwa na dada yake kule kwao na bado yuko ofisini Kampala, mpe pole kwa Kiswahili. Neno hilo kwa kawaida wameshajifunza.