Hofu ya VVU Baada ya Tukio la Hatari Ndogo: Lipi la Kufanya, Lipi la Kuacha

Tuchukue mfano. Mvuvi wa mwalo mmoja wilayani Bunda alikwenda Musoma kuuza dagaa, na usiku huo akalala na mwanamke asiyemfahamu vizuri. Walitumia kondomu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo haikupasuka. Wiki mbili baadaye akaamka na homa. Alipima VVU Bunda, akaambiwa hana maambukizi. Hakuyaamini majibu, akapanda basi kurudi Musoma na kupima tena. Kisha akaenda Butiama, ambako alidhani hakuna anayemjua. Kufikia mwezi wa pili alikuwa amepima mara sita, amenunua chupa mbili za dawa ya "kusafisha damu", ameacha kwenda ziwani, na analala mbali na mkewe bila kumweleza sababu. Hana virusi. Anaumwa hofu, na hofu hiyo imekwisha kumgharimu fedha, kazi na amani ya nyumba.

Mfano huu tumeutunga, lakini hali yenyewe ni ya kweli na inawapata wanaume na wanawake, vijana na watu wazima. Katika sura hii tunaeleza ni tukio gani lenye hatari na lipi lisilo nayo, kipimo kinasema nini na kwa wakati gani, na namna ya kujilinda dhidi ya wanaoifanya hofu kuwa biashara.

Hofu hii ilitoka wapi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kuambiwa una VVU kulikuwa sawa na kuambiwa ujiandae kufa. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa walizika ndugu katika miaka hiyo, na watoto wao wamerithi hofu hiyo hata kama hawakuyaona mazishi yenyewe.

Hali imebadilika. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU, yaani ARV, zimekuwa zikitolewa bila malipo kupitia mpango wa taifa wa tiba na matunzo. Anayezitumia vizuri anaishi, anafanya kazi na anazaa watoto wasio na maambukizi. Kwa hiyo hata majibu yale yanayoogopwa kuliko yote si hukumu ya kifo. Ni vema msomaji alijue hilo kabla ya kuendelea.

Tukio lipi lina hatari, na kwa kiasi gani

VVU huambukizwa kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Ni lazima majimaji hayo yenye virusi yafike ndani ya mwili, kupitia utando laini, kidonda kibichi au sindano. Mate, jasho na machozi hayaambukizi. Kumbusu mtu, kushikana naye, kulala naye kitanda kimoja, kutumia choo kimoja au kuumwa na mbu hakuambukizi. Shahawa au majimaji yakigusa ngozi isiyo na jeraha, hayaambukizi. Ngono ya mdomo ina hatari ndogo sana, ingawa haifiki sifuri endapo kuna vidonda au damu mdomoni. Tendo lililofanywa kwa kondomu iliyovaliwa tangu mwanzo, isiyopasuka wala kuvuka, linahesabiwa kuwa la hatari ndogo mno.

Hata pale ambapo hatari ipo, haina maana kwamba kila tendo huambukiza. Utafiti uliofanywa wilayani Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Ulikadiria takriban maambukizi 11 katika kila matendo 10,000. Hatutoi takwimu hiyo ili mtu aache kondomu. Ni wastani tu: hatari huongezeka kwa kurudia tendo, kwa mwenza aliyeambukizwa hivi karibuni, na kwa kuwa na magonjwa mengine ya ngono. Jirani zetu wa Mwanza ni ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika zahanati za vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo ukiona usaha, kidonda au maumivu sehemu za siri, nenda ukatibiwe hata kama una hakika kwamba VVU huna.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu anayetumia ARV ipasavyo, na ambaye vipimo vinaonyesha virusi havionekani tena katika damu yake, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza hivyo mwaka 2023. Ukigundua kwamba uliyelala naye anaishi na VVU, swali la kwanza si jina la ugonjwa wake, bali kama anatumia dawa na virusi vyake vimefubazwa.

Saa 72 za kwanza

Kuna matukio yasiyopaswa kusubiri. Ikiwa kondomu haikutumika au ilipasuka, na mwenza ana VVU bila tiba au hali yake haijulikani. Ikiwa mtu amebakwa. Au ikiwa mmechangia sindano, nenda kituo cha afya au hospitali mara moja ukaulize kuhusu dawa kinga ya baada ya tukio. Dawa hiyo huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia zaidi. Tukio la usiku wa Jumamosi, mwisho wake ni usiku wa Jumanne. Hunywewa kwa siku 28 bila kukatiza, baada ya kupimwa na kushauriwa na mtoa huduma.

Usiinunue kwa mtu binafsi, wala usigawane vidonge na mgonjwa unayemfahamu. Kufanya hivyo kunakupa dozi isiyokamilika, na kunamnyima mwenzako dawa inayomweka hai. Kwa tukio la hatari ndogo kama la mvuvi wetu, mtoa huduma atakueleza kuwa dawa hii haihitajiki. Usilichukue jibu hilo kama umefukuzwa: ni ushauri wa kitaalamu unaokuepusha na mwezi mzima wa dawa usizozihitaji.

Kipimo kinasema nini, na lini

Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika katika vituo vyetu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi. Mwili huhitaji muda kuwatengeneza. Muda huo huitwa kipindi dirisha, na kwa vipimo vya haraka vya kingamwili unaweza kufikia miezi mitatu, ingawa kwa watu wengi huwa mfupi zaidi.

Kwa sababu hiyo tunashauri vipimo viwili vyenye sababu, badala ya sita visivyo na mpango. Cha kwanza hufanywa mapema, ili ujue hali uliyokuwa nayo kabla ya tukio. Cha pili hufanywa miezi mitatu kamili ikitimia. Kama katika kipindi hicho hukuwa na tukio jingine la hatari, na cha pili kikaonyesha huna maambukizi, jambo limekwisha. Kupima tena wiki inayofuata hakuongezi ukweli wowote, kunaongeza nauli tu. Aliyetumia dawa kinga atapangiwa tarehe zake na mtoa huduma.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba hakuna anayepaswa kutangaziwa maambukizi kwa kipimo kimoja. Kitendanishi chochote kinaweza kukosea mara chache, na pale ambapo hatari ilikuwa ndogo, jibu chanya la kipimo kimoja lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kosa. Ndiyo maana mwongozo unataka jibu hilo lithibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine.

Vivyo hivyo kwa kujipima mwenyewe, jambo ambalo sheria yetu imeliruhusu tangu marekebisho ya mwaka 2019. Kabla ya kutumia kifaa, kagua kama pakiti haijafunguliwa na tarehe haijapita. Soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo. Mstari unaojitokeza saa kadhaa baadaye si jibu. Kikionyesha chanya, hujathibitishwa bado: nenda kituoni.

Dalili zinazodanganya

Mtu mwenye hofu huuchunguza mwili wake mchana na usiku, na anayechunguza hakosi cha kuona. Maambukizi mapya ya VVU yanaweza kuleta homa, koo kuuma, vipele na tezi kuvimba wiki mbili hadi nne baada ya tukio. Lakini malaria, mafua na maradhi mengine huleta mambo hayo hayo. Hofu nayo ina dalili zake: kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, jasho la usiku, kuharisha, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito. Kwa hiyo dalili hazithibitishi VVU wala hazikanushi. Kipimo ndicho kinachojibu.

Kwa mkazi wa Mara, kuihusisha kila homa na VVU kuna hatari ya ziada. Malaria ipo, na inaua. Kichocho kipo kando ya ziwa. Ukipata homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Asije mtu akazidiwa na malaria huku akihesabu siku za kupima VVU.

Hofu ni soko

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichotolewa kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya magonjwa sugu ukiwemo UKIMWI. Shilingi 500 haikuwa gharama kubwa. Gharama kubwa ilikuwa nauli, siku za kukaa foleni, na kwa baadhi, dawa za hospitali walizoziacha.

Aliye na hofu baada ya tukio dogo hushawishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu chochote atakachouziwa kitaonekana kimefanya kazi. Hakuwa na virusi kabla ya kunywa, na hana baada ya kunywa. Muuzaji ndiye atakayechukua sifa. Kwa hiyo:

– Hakuna dawa ya kusafisha damu wala sindano ya kuua VVU "kabla havijaota mizizi". Viuavijasumu haviui virusi.
– Kupima VVU katika vituo vya umma ni bila malipo. Ukidaiwa fedha, uliza ni za nini na udai stakabadhi.
– Usilipie mashine inayodaiwa kupima mwili mzima na kugundua VVU kwa kushika waya tu. VVU hupimwa kwa damu au kwa majimaji ya kinywani, kwa kitendanishi kilichosajiliwa.
– Anayekuahidi tiba ya uhakika na kukukataza kwenda hospitali, mwache, kisha toa taarifa katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

Haki zako

Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari yako, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, upewe ushauri nasaha kabla na baada ya kupima, na majibu yawe siri. Wengi wa Butiama huenda Musoma, na wa Musoma huenda Bunda, kwa kuogopa kukutana na shangazi au jirani kwenye benchi. Una haki ya kuchagua kituo. Lakini ukichagua, baki hapo: anayekufahamu tangu kipimo cha kwanza atakushauri vizuri kuliko watu sita wanaokuona kwa mara ya kwanza.

Mweleze mnasihi tukio lilivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza. Hayupo kukuhukumu. Mara nyingi kinachomtesa mtu ni aibu ya alichokifanya, hasa akiwa na ndoa, kuliko kirusi chenyewe. Aibu hiyo haitibiwi na kipimo cha saba, bali kwa mazungumzo na mnasihi, na baadaye na mwenza, kiongozi wa dini au mzee unayemwamini.

Hofu isipoondoka

Endapo miezi mitatu imepita, majibu ni mazuri, na bado huamini, basi kinachohitaji tiba sasa ni hofu. Si uwendawazimu wala udhaifu, na inatibika. Mwombe mtoa huduma akuelekeze kwa wataalamu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako hata saa moja: mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende kituoni. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya, namba 199, hupigiwa bila malipo.

Mvuvi wetu alihitaji mambo matatu tu: kumweleza mnasihi ukweli siku ya kwanza, kupima malaria alipopata homa, na kurudi kupima VVU miezi mitatu ilipotimia. Yote matatu angeyapata Bunda, na nauli ya Musoma na Butiama ingebaki nyumbani kwake.