Kioo cha Baiskeli: Kuona Nyuma Bila Kugeuza Shingo

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii)

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, nacho ni kioo cha kutazamia nyuma, kile ambacho wenye magari wanakiita saiti mira. Lakini sizungumzii cha gari. Nazungumzia cha baiskeli.

Siku chache zilizopita nilikuwa nimesimama Kongowe, kando ya Barabara ya Kilwa, nikisubiri usafiri wa kuja mjini. Alikuwa anakuja kijana mmoja wa mkaa, mmoja wa wale wanaotoka usiku huko Mkuranga na kuingia Dar es Salaam alfajiri. Nyuma kwenye keria alikuwa amefunga magunia mawili, la tatu likiwa juu yake kwa mapozi ya bwana mkubwa. Mbele yake daladala ikasimama ghafla kushusha abiria. Kijana akafanya ambalo mwendesha baiskeli yeyote angelifanya: akakata kulia ili aipite. Papo hapo nyuma yake lori likapiga honi, honi ile ya kutoa roho. Kijana akarudi kushoto kwa nguvu, gurudumu la mbele likagonga bampa ya daladala, na yeye, mkaa na baiskeli wakamwagika kwenye mchanga. Lori likapita, sidhani kama lilikuwa nusu mita kutoka kilipokuwa kichwa chake.

Tulimwinua. Alikuwa amechunika kiwiko tu. Na mimi, kwa tabia yetu sisi wazee ya kutoa mawaidha hata mahali pasipohitajika, nikamwambia, "Kijana, mbona hukugeuka kutazama nyuma kwanza?" Akanitazama, akapangusa vumbi, akasema, "Mzee wangu, ningegeuka nione nini? Nyuma yangu kuna gunia."

Sikuwa na jibu, ndugu msikilizaji. Na jibu hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta wiki nzima, kwa mafundi wa baiskeli na kwa kujaribu mwenyewe juu ya Phoenix yangu ya siku nyingi.

Tuanze na huko kugeuka. Hata asiye na mzigo hageuki bure. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inakula mita nne kwa kila sekunde moja. Ukigeuza shingo kwa sekunde moja tu, umekwenda mita nne bila kuona mbele, na katika barabara zetu mita nne zinatosha kabisa kuwa na shimo, mbuzi au mama mwenye ndoo. Isitoshe, bega likigeuka kulia mkono nao huvuta usukani, na baiskeli huyumba kuelekea kule kule unakotazama, yaani kuelekea katikati ya barabara, kwenye gari ulilotaka kulikwepa. Mwenye mzigo mzito huyumba zaidi, maana keria iliyolemewa hufanya gurudumu la mbele kuwa jepesi kama karatasi.

Sasa tazama upande wa gari. Mwendo unaoruhusiwa ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa. Kama gari liko mita 100 nyuma yako na linakwenda mwendo huo halali, nawe unakwenda 15, litakufikia baada ya sekunde kama kumi. Likiwa linakwenda 80, na sote tunajua yako yanayokwenda 80, zitakuwa sekunde tano na nusu. Huo ndio muda wote ulio nao wa kuamua kama utalizunguka shimo au utasimama. Kioo hakiongezi hata sekunde moja. Kinachofanya ni kukuwezesha kuzitumia sekunde hizo, badala ya kuzigundua kwa honi zikiwa zimekwisha.

Haya, tuseme umeamua kununua. Ukifika dukani, Kariakoo au kwa fundi wa mtaani kwenu, utaonyeshwa vioo vya namna mbili, na aghalabu muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Kimoja ni bapa, sawa na kile cha kunyolea ndevu. Cha pili kimebinuka kidogo kama mgongo wa kijiko. Kipitishe kidole juu yake, au kitazame kwa ubavu, utautambua mbinuko.

Kioo bapa ni mkweli: gari lililo mbali huonekana liko mbali. Tatizo lake ni uchoyo. Kioo bapa chenye upana wa sentimita tano, kikiwa sentimita 60 kutoka machoni pako, kitakuonyesha kipande cha barabara chenye upana usiofika hata mita mbili, huko mita 20 nyuma. Basi lenyewe lina upana wa mita mbili na nusu. Yaani utaona nusu ya basi, na ile nusu nyingine ndiyo itakayokugonga. Kioo kilichobinuka huonyesha eneo kubwa zaidi sana, barabara yote na ukingo wake, lakini ni mwongo wa umbali: hufanya kila kitu kiwe kidogo, na macho yetu yamezoea kudhani kuwa kilicho kidogo kiko mbali.

Kati ya mchoyo na mwongo, mimi namchagua mwongo. Mwongo ukishamjua unaweza kuishi naye. Namna ya kuishi naye ni kutazama mara mbili. Tazama kioo, rudisha macho mbele, hesabu moja, mbili, kisha tazama tena. Kama kile kilichokuwa kama punje ya harage sasa kimekuwa kama kiberiti, usitoke kwenye mstari wako, hata kama moyo unakuambia nafasi ipo. Kama punje imebaki punje, bado una wakati.

La pili ni upande. Hapa kwetu tunakwenda kushoto, kwa hiyo magari hutupita kulia, na kioo hapana budi kiwe kulia. Nasema hivi kwa sababu nchi nyingi zinazotengeneza vifaa hivi, China ikiwa mojawapo, hupita kulia mwa barabara, na vioo vyao vingi vimepindwa shingo kwa ajili ya mkono wa kushoto. Ukikifunga upande wa kulia kinatazama mbinguni au kwenye paja lako. Kabla ya kulipa, kishike mahali pale pale kitakapofungwa, uone kama shingo yake inazunguka hadi kikutazame wewe.

Viko pia vioo vya kuchomeka mwishoni mwa usukani, ndani ya tundu la bomba. Ni vizuri kwa baiskeli zenye usukani ulionyooka, hizi za milimani. Kwa Phoenix na ndugu zake, ambao usukani wao umerudi nyuma kuelekea kwa mpandaji, kioo cha namna hiyo kinagombana na mkono na goti. Na viko vidogo kabisa vya kubandika kwenye miwani au kwenye kofia ngumu, lakini hao wenye kofia ngumu miongoni mwetu ni wangapi?

Kwa huyu kijana wa mkaa, na wenzake wa mayai, mikate na samaki wa Feri, nina ushauri tofauti. Kwao vile vioo vidogo vya baiskeli ni pambo tu. Mzigo uliofungwa kwa kukingama huwa mpana kuliko usukani, na kioo kinachokaa ndani ya upana wa mzigo kitaonyesha gunia, gunia, na gunia. Lazima kichungulie nje ya mzigo. Kwa hiyo watafute kioo cha bodaboda, chenye mguu mrefu wa chuma. Vimejaa mjini, bei yake ni ndogo kuliko ya gunia moja la mkaa, na kioo chake kimebinuka. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukata bati nene, akalikunja kuuzunguka usukani, akachoma nati juu yake, na mguu ukaingia hapo. Ila mwambie aujaribu mguu kwenye nati kabla ya kuchomelea. Pikipiki za Yamaha, mathalani, kioo chao cha kulia hukazwa kinyumenyume, na nati ya kawaida haitakikubali hata ukiilazimisha kwa spana ya futi mbili.

Ubaya wa mguu mrefu ni kwamba unakwaruza watu kwenye vichochoro. Chagua unaokunjika, na ukunje ukiingia sokoni.

Sasa adui mkubwa wa kioo cha baiskeli, nacho ni mtetemo. Ndugu msikilizaji, mwaka 1911, kule Indianapolis, Marekani, dereva Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 akiwa peke yake garini. Wenzake walibeba kila mmoja fundi wake, na kazi mojawapo ya fundi ilikuwa kutazama magari ya nyuma. Walipolalamika kuwa mtu asiye na mtazamaji ni hatari kwa wengine, Harroun akafunga kioo, malalamiko yakaisha. Miaka ikapita, akakiri kwamba njia ile ya matofali ilikitikisa kioo chake kiasi kwamba hakuona kitu! Kama ni hivyo kwa gari, itakuwaje kwa baiskeli kwenye barabara ya Tandika?

Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye usukani mara mbili, kisha bana kioo juu yake. Mpira hunyonya mtetemo na tena huzuia kioo kisizunguke. Baada ya siku tatu nne kaza tena, kwa sababu mpira hubonyea. Kioo cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha ni chepesi na hakivunjiki, lakini vumbi hukikwaruza hadi kinakuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho, hasa ukikifuta kwa kitambaa kikavu. Kimwagie maji kwanza. Mimi napendelea cha kioo hasa, pamoja na hatari yake ya kupasuka.

Kukitega, usikitege baiskeli ikiwa imesimama kwa stendi. Kaa juu yake kama unavyokaa njiani, mikono mahali pake, mzigo ukiwa umefungwa kama kawaida, na mwenzako akushikilie. Ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe kipande kidogo cha kiwiko chako au cha mzigo, ili ujue unatazama kutoka wapi. Kule mwisho wa barabara, ardhi inapokutana na mbingu, pawe katikati ya kioo au juu yake kidogo. Kisha mwombe huyo mwenzako aje kutoka hatua 30 nyuma yako, upande wa kulia, akitembea polepole. Utamwona, utamwona, halafu atapotea kabla hajakufikia begani. Pale alipopotea ndipo pikipiki itakapojificha. Ukishalijua pengo hilo utaelewa kwa nini nasema kioo ni cha kukukataza, si cha kukuruhusu. Kikionyesha gari, usitoke. Kisipoonyesha kitu, na unataka kuingia katikati ya barabara, bado tupa jicho la haraka begani kwa ajili ya lile pengo. Sasa hilo ni la kupepesa tu, wala halikuyumbishi, na hata mwenye gunia anaona ubavuni mwake.

Njiani, mtazame dereva anayekuja. Aliyekuona huanza kuhama mapema, na utaliona gari lake lote likisogea kuelekea kulia mwa kioo. Lisilohama, linalokua tu pale pale, huyo hajakuona, au amekuona na hajali. Hapo anza kutafuta pa kutokea lami. Mwenye mzigo asingoje, kwa sababu kingo za lami yetu mahali pengine zina ngazi ya kuvunja rimu, na inabidi achague pa kuteremkia.

Usiku kioo hupoteza nusu ya akili yake. Kinaona taa tu, na taa za lori hukupiga machoni, kwa hiyo kiinamishe kidogo. Taa moja usiidhanie ni pikipiki. Inaweza kuwa Fuso lenye jicho moja bovu, na hujui ni jicho la upande gani.

Juzi nilipita tena Kongowe, nikamkuta yule kijana. Amefunga kioo cha bodaboda, mguu mrefu, mpira wa tyubu chini yake kama nilivyomwambia. Nikamwuliza kinamsaidiaje. Akasema mara mbili amesimama nyuma ya daladala badala ya kukata, kwa sababu alichokiona kioo hakukipenda. Ila ana lalamiko moja: akifika sokoni na kuegesha, wanawake wa gengeni na vijana wa bodaboda wote huja kuchana nywele hapo, wakakigeuza, na kila safari inambidi akitege upya.