Ufa chini ya rangi

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumze juu ya baiskeli. Sina maana ya Phoenix, ile baiskeli kubwa ya Kichina iliyobeba magunia ya mkaa na wagonjwa wa nchi hii kwa miaka mingi. Nina maana ya baiskeli ndogo ya mtoto, ile inayoitwa BMX.

Tulipomaliza arobaini ya marehemu baba yetu, ndugu tulikutana nyumbani Ipagala, hapa Dodoma, ili tuitoe mizigo iliyokuwa stoo. Chini ya mabati chakavu na madebe matupu nikaikuta BMX yetu ya utotoni. Matairi yalikuwa yameoza, mnyororo umeganda kama kipande kimoja cha chuma, lakini fremu ilikuwa nzima na rangi yake ya buluu ilikuwa bado inaonekana. Niliamua palepale kwamba nitaitengeneza nimpe kitinda mimba wa kaka yangu, mtoto wa miaka kumi. Leo nitaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, maana ilinifundisha mambo mawili: moja la ufundi, na jingine ambalo si la ufundi.

Kwanza, BMX ni kitu gani? Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mbio za baiskeli za kuruka matuta. Mchezo huo ulianza California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watoto walipoanza kuwaiga waendesha pikipiki za mashindano. Walitumia baiskeli ndogo zenye magurudumu ya inchi 20, kama ile Sting-Ray ya kampuni ya Schwinn iliyotoka mwaka 1963. Filamu ya mwaka 1971 iitwayo On Any Sunday, iliyohusu mbio za pikipiki, iliwaonyesha pia watoto wakiruka na baiskeli zao, na mchezo ukaenea. Mwaka 2008 BMX iliingia kwenye Michezo ya Olimpiki, mjini Beijing. Hivyo basi, baiskeli hii ilizaliwa kwa ajili ya kuruka. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Ya kwetu ililetwa nyumbani mwaka 1989. Baba aliinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akiuza vitu vyake ili arejee kwao. Ipagala ya wakati ule ilikuwa ya nyumba chache, mashamba ya mtama na vumbi jingi. Baba alitoa sharti: baiskeli iko chini ya kaka, na mimi nikitaka kuipanda, nimwombe.

Siku moja mwaka 1991 sikumwomba. Jirani alikuwa amechimba msingi wa nyumba na udongo umerundikwa kando. Nilikuja kwa kasi, nikapanda lile rundo, nikaruka. Gurudumu la mbele ndilo lililotangulia kugonga ardhi. Mimi nilichubuka kiwiko tu, lakini ringi ilipinda na usukani ukaenda upande. Niliikokota hadi nyumbani, nikaiegemeza ukutani, nikanyamaza. Jioni baba alipoiona hakuuliza mengi. Mwenye dhamana alikuwa kaka. Alichapwa viboko vitatu, na muhula mzima akaenda shule kwa miguu. Baadaye baba aliinyoosha ringi, akaipaka fremu rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha, akamrudishia. Mimi niliendelea kunyamaza.

Sasa tuje kwenye ufundi. Nilimpelekea baiskeli mzee mmoja anayefanya kazi zake chini ya mti, si mbali na nyumbani. Ujanani alikuwa kwenye karakana ya reli. Nilikwenda na kopo la rangi mpya mkononi. Aliliangalia, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni ya nini?" Nikamjibu ni ya kuipendezesha. Akasema, "Rangi ni ya mwisho. Weka chini."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukipata chombo cha zamani tunaanza na rangi, kumbe rangi hufunika kutu, hufunika mpindo, na hufunika ufa. Kwa bahati, hewa ya Dodoma ni kavu. Mvua zetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na miezi mingi hatuoni tone. Chuma kilichowekwa stoo hapa hakiliwi kama cha Tanga au Dar es Salaam, ambako unyevu na chumvi ya bahari hukitafuna usiku na mchana. Ndiyo sababu fremu yetu ilikaa miaka yote ile bila kutoboka.

Kazi ya kwanza ni kufungua. Kila nati iliyoganda hutiwa mafuta ya taa na kuachwa hadi kesho yake, ukilazimisha utaivunja. Piga picha kwa simu kila hatua, na vitu vya upande mmoja viweke kopo moja. Jihadhari na pedeli ya kushoto: nati zake zimekatwa kinyume, hufunguka kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine hufungia. Mpango huo si wa bure. Pedeli ya kushoto ingekatwa kama nyingine, mwendo wa mguu ungeifungua polepole hadi idondoke njiani. Wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walioruka na ndege mwaka 1903, walikuwa watengenezaji wa baiskeli, na mwaka 1900 walizitangaza baiskeli zao kwa sifa hiyo ya pedeli zisizofunguka zenyewe.

Kazi ya pili ni gololi. Katika habu za kawaida, gurudumu la nyuma hubeba gololi tisa kila upande, za robo inchi. La mbele hubeba kumi kila upande, na hizo ni ndogo zaidi. Ukikuta moja imechakaa, badilisha zote. Gololi mpya ikichanganywa na nzee, ile mpya iliyo kubwa kidogo hubeba mzigo peke yake na kula njia inamopita. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka grisi safi, kisha kaza mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza na bila kukwama.

Kazi ya tatu ni matairi. Usiende dukani ukasema tu "nataka inchi ishirini", maana ziko inchi ishirini zaidi ya moja. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Tairi ya BMX ya kawaida huishia na 406, maana yake mahali inapokaa kwenye ringi pana kipenyo cha milimita 406. Iko nyingine iliyoandikwa 451, nayo huitwa inchi 20 vilevile, lakini haiingii. Mimi nilipata zangu Majengo, kwa wauza baiskeli za mtumba. Mnyororo haukunisumbua: wa Phoenix una upana uleule, ukikatwa pingili kadhaa unatosha. Na kwa kuwa hapa ni Dodoma, nchi ya mbigili, tulilaza ukanda wa tyubu kuukuu ndani ya tairi. Asiyefanya hivyo ajiandae kwa pancha.

Vyuma vya kung'aa havihitaji msasa, ambao huvikwaruza. Chukua ile karatasi ya bati laini iliyo ndani ya pakiti ya sigara, ikunje, ilowe maji, sugua. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kuharibu mng'aro.

Sasa nifike kwenye rangi ya baba. Mzee aliikwangua yote hadi chuma kikawa cheupe. Alipofika shingoni, pale bomba la chini linapoungana na bomba la usukani, alisimama. Aliona mstari mwembamba kama unywele. Mimi niliona ni mkwaruzo. Hakubishana nami. Alipaka mafuta ya taa mahali pale, akasubiri, akapangusa hadi pakavu kabisa, kisha akasaga chaki ya shule na kupaka unga wake juu. Hatukukaa muda mrefu. Katikati ya weupe wa chaki ukajichora mstari mweusi uliozunguka karibu nusu ya bomba. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani yalikuwa yakitoka. Njia hiyo ilitumika kwenye karakana za reli kukagulia ekseli za mabehewa kabla hazijaja mashine za siku hizi. Akaniambia, "Mkwaruzo haunywi mafuta. Huu ni ufa, na ni wa siku nyingi."

Chuma, ndugu msikilizaji, hakivunjiki kwa pigo kubwa peke yake. Pigo kubwa linaweza kuanzisha ufa usioonekana. Baada ya hapo kila shimo la barabarani, kila mzigo, huuvuta ule ufa na kuuachia, na kila safari huurefusha kidogo. Kwa nje baiskeli ni ileile. Siku chuma kilichobaki kinaposhindwa kubeba, shingo hukatika ghafla, na mpandaji hutangulia uso. Nilijua vizuri sana pigo la kwanza lilikuwa lipi. Na mtoto niliyetaka kumpa baiskeli ile ana umri uleule niliokuwa nao mimi, na yeye hakuna rundo la udongo analoliacha.

Nilimpigia kaka simu aje. Nikamweleza yote, pale chini ya mti, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nilitegemea atacheka, au atanikumbusha vile viboko. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Ufa wenyewe uko wapi?" Nikamwonyesha. Aliupitisha kidole, akakaa kimya. Kisha akasema, "Bwana mdogo, mimi nilibebea maji baiskeli hii miaka miwili baada ya siku hiyo. Dumu la lita ishirini, nimelitundika kwenye usukani."

Miaka yote nilidhani deni langu kwake ni viboko vitatu na kutembea kwa miguu. Sikuwa nimewaza kamwe kwamba kunyamaza kwangu kulimpandisha juu ya chombo kilichopasuka, kila siku, na mimi nikimtazama. Nilimwomba radhi. Alisema ameisikia, na akaniambia niachane na hayo, tuangalie cha kufanya.

Mzee alitoa maelezo. Fremu hii ni ya chuma cha kawaida, kwa hiyo hukubali kuchomewa. Ingekuwa ya alumini angetuambia tuitupe. Alitoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, akachomea, akaongeza kibati cha pembe tatu shingoni. Uma wa mbele aliukataa kabisa: uma uliopata pigo haunyooshwi wala hauchomewi, hubadilishwa. Siku ya majaribio alifunga mfuko wa mahindi kwenye usukani, akaisukuma juu ya mawe, akarudia kupaka mafuta na chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Rangi ikapakwa siku hiyo, si kabla. Kwa jumla nilitumia kama shilingi laki moja na nusu, na kwa fedha hiyo ningeweza kupata baiskeli ya mtoto ya mtumba. Sijuti.

Kaka alitoa masharti mawili kabla mwanawe hajaipanda. La kwanza, baiskeli hii sasa ni ya kwendea dukani na shuleni, si ya kuruka, na kila mwezi itarudi kwa mzee kupakwa chaki. La pili lilikuwa langu: "Mwambie mwenyewe ilivyopasuka. Usimwachie kusikia kwangu."

Nilimwambia, yote, pamoja na viboko. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza, "Baba mdogo, kwa nini hukusema siku ileile?" Nilimjibu kwamba niliogopa. Akatikisa kichwa kana kwamba anaielewa sababu hiyo vizuri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wa chini ya mti ameniongezea kwamba kabla ya kuuziba lazima kwanza uuone, na hutauona bila kukwangua rangi. Kama nyumbani kwako iko baiskeli ya zamani unayotaka kumpa mtoto, anza na mafuta ya taa na chaki. Kopo la rangi liache dukani kwanza.

Hadi juma lijalo, nakutakia kila la heri.