Kazi ya Mwalimu wa Chuo Kikuu: Ni Mali ya Nani?

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Mwenye kalamu aishike, tuanze.

Somo la leo linahusu mali, lakini si ng'ombe, wala shamba, wala duara la dhahabu. Linahusu mali isiyoshikika kwa mkono, yaani kitu kilichotungwa na akili ya mtu. Mali hiyo huitwa miliki bunifu. Nasi tutaitazama kwa upande mmoja tu. Mwalimu wa chuo kikuu, au mtafiti wa mshahara, akibuni kitu kipya, kitu hicho ni mali ya nani? Ni yake yeye? Ni ya chuo kinachomlipa? Au wanayo sehemu na wale waliompa shamba, mawe na maarifa yao?

Msiseme kwamba haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Yamo mashambani mwenu tangu zamani. Mkulima wa pamba wa Kishapu anaijua mbegu ya UK91, na anaijua UKM08 iliyokuja baadaye. Je, herufi hizo UK maana yake nini? Si Uingereza. Ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, mkoani Mwanza. Kuanzia msimu wa 1939-40 mtaalamu mmoja, J. E. Peat, alifanya kazi pale ya kutafuta mbegu bora za pamba. Adui mmojawapo alikuwa chawajani, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani. Ikaonekana ya kuwa pamba yenye vinyweleo vingi majani mwake humshinda mdudu huyo. Basi kazi ikawa kupanda, kutazama, kuchagua mmea ulio bora, kukusanya mbegu zake, na kupanda tena. Kazi ya namna hiyo hula miaka mingi.

Sasa litazameni jina. Mbegu zile hazikuitwa Peat. Ziliitwa kwa jina la kituo. Peat alikuwa mtu wa mshahara, aliyetumwa na shirika la kukuza pamba katika nchi za himaya ya Uingereza. Shamba la majaribio halikuwa lake, wala vibarua hakuwalipa yeye. Lakini jicho lililochagua mmea huu na kuuacha ule lilikuwa jicho la mtaalamu. Hapo ndipo penye swali letu lote: aliyetoa mshahara na aliyetoa akili, nani mwenye mali?

Ili tulijibu vema, tuigawe mali hii mafungu matatu. Fungu la kwanza ni jina, yaani heshima ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyebuni. Fungu la pili ni faida, yaani fedha zinazopatikana kitu kikiuzwa. Fungu la tatu ni maarifa yenyewe, yaani kujua jambo lilivyo. Mafungu haya hayaendi kwa mtu mmoja siku zote, na ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu wameyachanganya.

Tuanze na maarifa na jina. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akaona ya kwamba maziwa aliyoyatia katika barafu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Wengi walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dr Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 makala ikachapishwa yenye majina mawili, la Mpemba na la Osborne.

Je, Mpemba aliweza kudai kwamba maji ya moto ni mali yake? Hapana. Tabia ya maji ni ya ulimwengu mzima, na sheria haimpi mtu umiliki wa jambo la asili kwa sababu tu amekuwa wa kwanza kuliona. Lakini jina lilikuwa lake, naye mwalimu yule hakulinyakua. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba. Kumbukeni basi: maarifa ya asili ni ya wote, lakini heshima ni ya aliyeona.

Sasa tuje kwenye faida, penye maneno mengi. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu alichobuni, kwa muda uliowekwa. Kwa malipo ya haki hiyo, mbunifu hana budi kueleza wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Sheria hiyo yasema hivi kwa ufupi: mtu aliyeajiriwa akibuni kitu katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, haki ya hataza ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba wao umesema vingine. Lakini sheria haikumwacha mbunifu mikono mitupu. Kitu kikiwa na thamani kubwa kuliko walivyotazamia walipofanya mkataba, mbunifu anastahili malipo ya haki juu ya mshahara wake, na wasipopatana, mahakama huamua.

Vitabu, picha, nyimbo na programu za kompyuta vina sheria nyingine, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Humo nako mkataba wa kazi una nguvu katika faida. Lakini haki ya mwandishi kutajwa kuwa ndiye mwandishi, na kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima, hubaki kwake. Zaidi ya hayo, vyuo vingi duniani vina desturi ya kuwaachia walimu vitabu na makala zao, ingawa waliziandika wakila mshahara wa chuo.

Mtu atauliza, je, mbona chuo kipewe kitu ambacho hakikukibuni? Chuo nacho kina maneno yake. Kilijenga maabara, kikanunua vyombo, kikalipa mishahara. Na fedha za chuo cha umma ni kodi ya mkulima na mchimbaji. Mwalimu naye atajibu: wenzangu kumi walikuwa na maabara hiyo hiyo, wala hawakubuni kitu. Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana hata mataifa hayakupatana. Ujerumani iliwaachia maprofesa uvumbuzi wao mpaka mwaka 2002, ndipo ikabadili sheria na kuvipa vyuo. Uswidi imeendelea kuwaachia walimu.

Sikieni kisa kimoja cha Marekani. Mwaka 1965 Dr Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kinywaji cha maji, chumvi na sukari, kwa ajili ya wachezaji wa mpira waliokuwa wakiishiwa nguvu kwa jasho. Kinywaji hicho ndicho Gatorade. Kilipoanza kuleta fedha nyingi, chuo kikadai, na serikali ya nchi ile nayo ikadai, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zimetumika katika utafiti. Kesi ikaenda mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndipo wakapatana chuo kipate asilimia 20 ya malipo ya kinywaji kile. Laiti wangalikaa chini mapema, wangalijiepusha na taabu hiyo.

Hapa kwetu pia walimu wanabuni. Mwaka 2015 Dr Askwar Hilonga, mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alipata tuzo ya pauni 25,000 kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake la maji, linaloweza kupunguza floraidi. Ninyi wa Shinyanga mnaijua taabu ya floraidi katika visima, jinsi inavyotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Basi msidhani kwamba uvumbuzi ni wa nchi za mbali.

Sasa twende Geita, tutie somo katika vitendo. Mnajua kazi ya mialo. Mawe husagwa katika karasha, unga huoshwa, zebaki hutiwa ikashika dhahabu, kisha donge huchomwa motoni. Mvuke wa zebaki ni sumu. Kipo chombo cha chuma kiitwacho retoti, chenye kifuniko na bomba: mvuke hupita katika bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa maji maji, ikatumika tena. Kati ya mwaka 2002 na 2007 mradi mmoja wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki ulifanya kazi katika nchi kadhaa, na hapa kwetu ulifika Rwamagasa, Geita. Wataalamu huja kwenu, nanyi huwapokea.

Tuseme basi mwalimu wa chuo amekuja na mchoro wa retoti mpya. Anamwendea fundi wa kuchomelea pale Katoro. Fundi anatazama mchoro, anatikisa kichwa, anasema, "Bwana, kifuniko hiki kitavuja. Tukikate hivi." Wanajaribu katika mwalo wa mchimbaji mmoja, na chombo kinafanya kazi vizuri sana. Ni mali ya nani?

Mwalimu alikuwa katika kazi yake, kwa hiyo tunatazama mkataba wake na chuo. Fundi hakuajiriwa na chuo, na mkataba wa mwalimu haumfungi yeye. Kama wazo la kifuniko lilikuwa jipya na lilikuwa lake, naye ni mbunifu, na jina lake lastahili kuandikwa pamoja na la mwalimu. Lakini kama alichomelea tu kama mchoro ulivyosema, anadai ujira wa kazi yake, si ubunifu. Mchimbaji aliyetoa mwalo wake hakubuni kitu. Lakini alipoteza siku na alitoa mawe yake, naye angeweza kupatana apewe chombo kimoja, au alipwe. Akinyamaza siku ya kwanza, atakuwa na neno gani siku ya mwisho?

Kwa hiyo shikeni mambo manne.

Kwanza, ulizeni kabla kazi haijaanza. Mwalimu asome mkataba wake na kanuni za chuo chake. Mwanakijiji amwulize mgeni: faida ikipatikana itagawanywaje?

Pili, wekeni daftari. Andikeni tarehe, nani alisema wazo gani, na nani alitoa nini. Kisha kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, msitangaze mapema. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani au kuchapishwa gazetini huenda kisihesabiwe kuwa kipya tena. Maombi ya hataza hupelekwa BRELA, na mambo ya hakimiliki huulizwa COSOTA.

Nne, msiuze jina. Mtu aweza kuuza faida yake kwa hiari, lakini akubali vipi kufutwa katika kazi ya akili yake?

Mkiyafuata hayo, hamtamfukuza mtaalamu; mtampokea vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtu atajua fungu lake. Asiyejua fungu lake huficha maarifa, na maarifa yaliyofichwa hayaponyi mtu mapafu wala hayaongezi pamba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini mbegu za pamba ziliitwa UK, wala si kwa jina la mtaalamu?

2. Katika kisa cha retoti, ni lini fundi ni mbunifu, na ni lini ni mfanyakazi tu?

3. Mtafiti akija kijijini kwenu kesho kuuliza habari za dawa za miti shamba, mtamtaka aandike nini kabla hamjamwonyesha mti?

Swali la tatu ni gumu, wala msilimalize kwa haraka. Likateni pamoja, wazee kwa vijana, na mwandishi wa kikundi aandike mliyoafikiana. Kwaherini.