Kweli au si kweli: kupona pamoja baada ya kubakwa

Basoko, pale Aruwimi unapoingia mto Kongo, watu wanajuana kwa jina na kwa ukoo. Mama aliyebakwa anajua kwamba neno likimtoka, kesho litafika sokoni. Ndiyo maana huko, kama hapa Kisangani, shauri la kwanza analopewa ni kunyamaza. Wengi wanaompa shauri hilo wanampenda kweli. Lakini limesimama juu ya mambo yasiyo ya kweli, na linamwacha peke yake. Haya ndiyo yanayosemwa juu ya kupona katika kikundi, moja moja.

"Kwenye kikundi utalazimishwa kusimulia yote."

Si kweli. Tiba ya kikundi iliyopimwa mashariki mwa nchi yetu haikumdai mtu asimulie alivyotendwa. Kila mwanamke alikutana kwanza na mhudumu faraghani, mara 1, kisha vikafuata vikao 11 vya wanawake 6 hadi 8. Kinachoshughulikiwa ni mawazo yaliyobaki. Chukua wazo hili: "Kosa ni langu, nilienda shambani peke yangu." Mwenye wazo hilo anasaidiwa kutenganisha mambo matatu: kilichotokea, anachojiambia, na anavyojisikia. Kisha anaulizwa: mama anayefuata chakula cha watoto wake ana kosa gani? Nani aliyeamua kutenda uovu? Swali hilo akiulizwa na mhudumu, anaweza kuona ni maneno ya mtu wa kazi. Akiulizwa na mwenzake aliyejilaumu vilevile, linamwingia. Wengi hawakujua kusoma. Mazoezi ya nyumbani waliyashika kichwani.

"Hiyo ni kazi ya madaktari wakubwa."

Si kweli. Vikao viliongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita APS, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Utafiti huo, uliotoka mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine, ulihusu wanawake 405. Miezi 6 baada ya tiba, 9% ya waliokuwa kwenye vikundi ndio waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Katika vijiji vilivyotoa msaada wa mmoja mmoja walikuwa 42%. Waliotafutwa tena zaidi ya miaka 6 baadaye bado walikuwa na nafuu yao. Natamani kila mkuu wa kituo cha afya Tshopo azijue namba hizi.

"Mpe mtaji, atasahau."

Nusu kweli. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vilipimwa huko Kivu kwa wanawake waliobakwa: chakula kiliongezeka nyumbani na kunyanyapaliwa kukapungua, lakini huzuni na hofu hazikupungua zaidi kuliko kwa wenzao waliokuwa bado wanangoja zamu. Vikundi hivyo, kama likelemba zetu, viendelee, ila visichukue nafasi ya tiba. Na fidia ni vivyo hivyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita, ubakaji ukiwemo, na mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, uko hapa hapa Kisangani. Fedha hiyo ni haki ya wahanga, walipwe. Ila usiku hofu ikirudi, fedha haimjibu mtu.

"Wanaume hayawahusu."

Si kweli. Sheria ya nchi yetu ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamtambua mhanga wa kiume sawa na wa kike.

"Kikundi kinatosha."

Si kweli. Hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ziweze kufanya kazi. Mwenye mawazo ya kujiua ahudumiwe peke yake kwanza. Siri nayo ikubaliwe kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu mdomo mmoja ukivuja wote wataondoka. Na kikundi kisibandikwe jina la waliobakwa, wala kisikutane chini ya bango linalowatangaza. Jirani akipita aone akina mama wamekaa pamoja, basi.