Kutoka Kete za Tabaka hadi Chipu ya Kupangwa Upya

Mafundi wa Tabaka, Kisii, huchonga seti za sataranji kwa jiwe la sabuni, zikauzwa hadi ng'ambo. Kuijenga mashine inayocheza mchezo huo ni ufundi mwingine, na mwanafunzi wa uhandisi wa Kisii au Nyamira anaweza kuuanza kwa chipu ambayo saketi zake huzipanga mwenyewe.

Prosesa ya kawaida huhoji ubao kwa msururu wa amri: farasi huyu aende wapi, ngome ile je? Katika chipu ya kupangwa, kila mraba hupewa saketi yake, na miraba yote 64 ikajibu kwa mpigo mmoja. Chipu ya kwanza ya aina hii sokoni, XC2064 ya Xilinx ya mwaka 1985, ilikuwa na vitalu 64 vya mantiki, safu nane kwa nane. Sadfa ya kupendeza!

Deep Blue, mashine ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov New York mwaka 1997, ilitumia chipu 480 zilizoundwa kwa sataranji tu na kupima nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Lakini chipu ya namna hiyo ni kama jiwe la Tabaka: kilichokatwa hakirudi. Kosa likigunduliwa, hutengenezwa nyingine.

Hydra iliepuka kifungo hicho. Mashine hiyo ya Abu Dhabi, iliyobuniwa na Chrilly Donninger wa Austria, ilitumia chipu za kupangwa upya. Kompyuta za kawaida zilianza utafutaji. Chipu zikamalizia hatua za mwisho, ambako nafasi hufurika. Juni 2005, London, ilimlaza Michael Adams wa Uingereza michezo mitano kati ya sita, mmoja ukiwa sare.

Leo programu ya sataranji ya Stockfish, kwenye kompyuta ya kawaida, ina nguvu kuliko Hydra. Faida ya kujenga imebaki katika kujifunza kuchora saketi, ujuzi unaohitajika kwenye mitambo ya simu na vifaa vya hospitali. Zana huria za kazi hiyo, kama Yosys na nextpnr, hazilipiwi.

Kazi ya kwanza ni saketi ya kuorodhesha hatua halali, na kipimo chake kinajulikana. Mwanzoni mwa mchezo weupe wana hatua 20. Weusi wakijibu, njia hufika 400, kisha 8,902, kisha 197,281. Saketi ikipatia zote hizo, isisifiwe bado: kanuni ya askari kumla askari wa adui kwa kupita (en passant) hujitokeza katika hatua ya tano, ambako hesabu sahihi ni 4,865,609.