Asubuhi baada ya Karamu

Jumapili asubuhi, katika nyumba nyingi za Lubumbashi au za Bukavu, mambo ni yale yale. Jana palikuwa na arusi ya ndugu. Watu walikula, walicheza, walikunywa mpaka usiku wa manane. Leo baba wa nyumba hawezi kuinua kichwa. Kinywa kimemkauka, tumbo linamchafuka, mwanga wa dirisha unamchoma macho. Mama anasimama mlangoni akijiuliza: nimgombeze, au nimpe nini? Shauri la kugombeza tunamwachia yeye. Sisi leo tutasema juu ya lile la pili.

Kwanza tujue sababu. Pombe inauzuia mwili kushika maji yake. Ndiyo maana mnywaji anatoka nje mara kwa mara, na asubuhi ana kiu kali. Tena inachubua tumbo, inaweza kupunguza sukari katika damu, na inaharibu usingizi, hata kama mtu anakoroma usiku kucha. Ini ndilo linalosafisha damu, lakini kazi yake ni ya polepole. Chupa kubwa ya bia, ya santilita 72, ina karibu gramu 28 za alkoholi. Nalo ini la mtu mzima kwa kawaida linaondoa gramu 7 hata 10 kwa saa moja. Basi chupa moja inalitaka kazi ya saa 3 au 4. Aliyeanza saa 2 ya usiku akamaliza chupa nne, saa 1 ya asubuhi damu yake bado haijawa safi. Asipande pikipiki, wala asishike mashine.

Tusidanganyike: kahawa kali, pilipili, maji baridi ya kuoga, vyote haviharakishi ini. Lakini jiko la mama laweza kuusaidia mwili wakati unapongoja.

Dawa ya kwanza ni maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, maana akiyamiminia tumboni kwa pupa atayatapika. Kama ametapika sana, tutwae litre moja ya maji hayo, tutie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa, visifurike. Ndicho kinywaji kile kile tunachowapa watoto wenye kuhara.

Dawa ya pili ni chakula chepesi: uji wa mahindi wenye sukari, au ndizi mbivu. Tumbo likitulia, supu ya samaki au ya kuku yenye chumvi kidogo. Bukari ingoje mpaka jioni. Akiwa na kichefuchefu, maji moto ya tangawizi yanaweza kumtuliza.

Dawa ya tatu ni usingizi. Dirisha lifungwe nusu, watoto wacheze mbali.

Na mambo ya kuepuka? Wengine wanasema: "Nipe bia moja tu, kichwa kitapoa." Kweli, maumivu yanarudi nyuma kidogo, lakini yanangoja mlangoni. Anayeifanya bia ya asubuhi kuwa dawa, kesho ataitaka tena, na mwisho hataweza kuanza siku bila hiyo. Na vidonge? Aspirini inazidi kulichubua tumbo, na parasetamoli nyingi inaumiza ini lililokwisha kuchoka. Tusivimeze ovyo.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Si kila asubuhi mbaya inatoka katika bia.

Lotoko inapikwa majumbani kwa mahindi na mihogo, wala hakuna anayepima nguvu yake. Pengine ndani yake mna methanoli, sumu inayoua macho. Ubaya wake ni huu, kwamba mara nyingi dalili zinakawia saa 12 hata 24. Kwanza mtu anaonekana kama mlevi mwingine aliyechoka. Akisema anaona ukungu mbele ya macho, au akihema kwa nguvu, uji hauna kazi tena. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Vilevile mwenye joto kali la mwili: bia haileti homa. Huenda ni malaria, nayo inapimwa kwa damu, si kwa kukisia. Wengi wamelazwa kitandani kwa kuchekwa, kumbe mbu ndiye aliyewapiga.

Na mtu asiyeamka hata akitikiswa, au anayevuta pumzi polepole mno, asiachwe "alale mpaka pombe itoke". Alazwe ubavu, asinyweshwe kitu kinywani, na msaada uitwe upesi.

Kwa kina baba tunaongeza neno moja. Kuleni kabla ya kunywa. Kati ya chupa na chupa nyweni bilauri ya maji. Na hesabuni chupa zenu mkiwa bado mnajua kuhesabu. Uji wa mama unaondoa kiu na udhaifu. Lakini fedha za shule zilizobaki mezani pa baa, huo hauzirudishi, na mtoto akiulizwa ada siku ya Jumatatu, majuto ya baba hayatamsaidia kitu.